Uzi: Jirani afungua video kwa spika ndani ya SGR, treni ya Mombasa–Nairobi. Wasema, au wanyamaza mpaka Nairobi?

#1 MtuWaTudor
Salaam wanajamvi. Nina neno, na nataka mnipinge mkiweza.

Kelele za simu ndani ya SGR twazilea sisi wenyewe tunaokerwa nazo. Mtu afungua vichekesho kwa spika treni haijatoka hata kituo cha Miritini hapa Mombasa, behewa zima lakunja uso, na hakuna anayefungua mdomo. Tukishashuka Syokimau, mwisho wa safari, ndipo malalamiko yanapomiminika kwenye makundi ya familia: jamaa hana adabu, jamaa hakulelewa. Jamaa mwenyewe hana habari. Kwake yeye safari ilikuwa nzuri.

Mie juzi, treni ya saa tisa alasiri, nilisema mapema, Mariakani hatujafika. "Ndugu yangu, tafadhali punguza kidogo." Akapunguza, yakaisha. Aliyenuna ni mke wangu, ati nimemwaibisha mwanamume wa watu mbele za watu. Kanuna mpaka Mtito Andei.

Haya, nyinyi mwafanyaje?

#2 BintiKuze
Mkeo yuko sawa. Kuna kusema, na kuna kusema mbele za watu, na hayo ni mambo mawili. Mie nikikaa tu huuliza jirani aenda wapi, kisha natoa bajia. Nasubiri ale mbili tatu. Hapo ndipo nasema, "Mwenzangu kichwa chaniuma, hiyo simu wanisaidiaje?" Mtu aliyekula bajia zako hawezi kukukatalia, haya yatamshika.

#3 Kobe_wa_Nyali
Na akizila kisha asipunguze? Umepata hasara mara mbili 😂

#4 BintiKuze
@Kobe_wa_Nyali sijamwona bado wa namna hiyo. Labda ni wewe.

#5 FundiChangamwe
Nyote mwatafuta tabia, mie natazama viti. Daraja la kawaida lina viti vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, na vimepangwa kutazamana. Upande wa vitatu ni watu sita wasiojuana, magoti kwa magoti, meza ndogo katikati haitoshi hata chupa zao za maji. Nusu yao wasafiri kinyumenyume. Dirisha halifunguki, kwa hivyo sauti haina pa kutokea. Ukikaa hivyo saa tano, hata mtu akimenya chungwa waona kakuonea.

Treni ya zamani ilikuwa na vyumba. Daraja la kwanza wawili, la pili wanne, mlango mnaufunga. Mwenye kelele zake alibaki nazo.

#6 MzeeKibokoni
Fundi, umesahau daraja la tatu, na wengi wetu ndiko tulikokaa. Huko hakukuwa na chumba. Mabenchi, magunia, kuku ndani ya tenga, watoto wamelazwa chini. Mwaingia kituo cha mjini saa za magharibi, mwalala njiani, na kufika Nairobi asubuhi ilikuwa ni bahati, kuna siku ilikuwa mchana. Reli yenyewe ni ile iliyoanza kujengwa hapa Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, kwa hivyo haraka tusiitarajie.

Na kelele zilikuwako, tena nyingi. Lakini zilikuwa kelele za watu. Mtu akisimulia kisa uliweza kumwambia "hapo umeongopa," akacheka, ukaingia na wewe. Simu ya mwenzio utaijibu nini? Wanasikia wengine tu kicheko cha watu wasiowaona. Mie hapo ndipo naona pamebadilika, viti ni jambo dogo.

#7 Kobe_wa_Nyali
Mzee, wale simba wa Tsavo wa 1898 mbona walijua dawa? Walikuwa wanachagua wenye spika 😂

#8 MzeeKibokoni
Walikula vibarua waliokuwa wakijenga daraja, watu maskini waliotolewa mbali na kwao. Tafuta mzaha mwingine mwanangu.

#9 Kobe_wa_Nyali
Sawa babu.

#10 Msafiri_Bamburi
Mimi ni mtu wa bara niliyezoea huku, kwa hivyo nipigeni mawe polepole. Chanzo naona ni matatu, haya magari madogo ya abiria. Sisi tumelelewa na matatu. Gari lisilo na muziki vijana hawapandi, wanasubiri lenye kishindo. Mtoto anatoka shule ya msingi akijua kwamba usafiri na kelele ni kitu kimoja na nauli ni hiyo hiyo. Halafu unamweka ndani ya treni iliyotulia, anaona kuna kitu kimepungua, anafungua simu kuongeza. Hana ubaya wowote. Amelipa elfu yake moja, anataka safari yake ikamilike.

#11 DadaWaVoi
@Msafiri_Bamburi elfu moja ya lini? Tangu Januari 2024 daraja la kawaida Mombasa–Nairobi ni 1,500, la kwanza ni 4,500. Hiyo elfu yako ni ya kale, na ilipoanza 2017 ilikuwa 700. Wewe inaonekana wapanda basi, waja hapa kutusimulia treni.

Halafu mwazungumza simu tu kwa sababu nyote mwapanda ile ya haraka. Njooni ile ya saa mbili asubuhi inayosimama vituoni, Mariakani, Miasenyi, Voi na kuendelea. Shida ya huko ni dirisha. Nimekaa kiti changu cha dirishani, tembo wakionekana Tsavo, watu watatu wanilalia begani na simu zao, mmoja kaweka goti pajani mwangu. Hata "samahani" hakuna. Tembo wenyewe wameshapita zamani, yeye bado yuko juu yangu akitazama kama picha imetoka.

#12 Msafiri_Bamburi
@DadaWaVoi dada, basi sijapanda. Lakini hoja ya matatu hujaijibu.

#13 Kobe_wa_Nyali
Dada Voi wewe tembo umewazoea, wakulia mahindi shambani. Waachie wageni dirisha jamani.

#14 DadaWaVoi
Waliokula mahindi yetu hawakulipa, na hao wanaonikalia hawakulipia dirisha. Sioni tofauti.

#15 MamaWatatu
Naja kututetea tunaonuniwa. Nimesafiri na wanangu, mdogo ana miaka mitatu. Saa ya kwanza kakaa vizuri, ya pili kaanza kupiga teke kiti, ya tatu analia. Nikampa simu atazame katuni, na hedifoni hazikai masikioni mwake, azivua azitafuna. Nikizima katuni, kilio. Nikiwasha, mama mmoja mbele yangu ageuka ananitazama kwa jicho lile mnalolijua. Haongei. Ageuka tu, kisha ageuka tena.

Hivyo @MtuWaTudor, wewe ungeniambia nini? Nichague kilio au katuni? Na mjue yule mwenye jicho hakuniambia hata "nikushikie mtoto uende msalani."

#16 MtuWaTudor
Mama, la mtoto simo. Mie nimesema mtu mzima na vichekesho vyake. Mtoto hata kwa sheria hana kosa.

#17 BintiKuze
Mie ningemshika. Na ningempa bajia.

#18 Kobe_wa_Nyali
Hizi bajia zina hisa za reli?

#19 BahariaMstaafu
Salaam. Niliyoyaona yavunja hoja ya ndugu wa Bamburi. Kama chanzo ni matatu, mbona kero hii iko hata kusikokuwa na matatu? Reli ya India ilitoa amri 2022: kuanzia saa nne usiku hakuna kupiga muziki wala kuongea kwa sauti ya juu kwenye simu, na wafanyakazi wa treni wameambiwa wasimamie. Ufaransa mapema 2025 kuna mtu alipigwa faini ya yuro 200 katika kituo cha Nantes kwa kuongea na simu kwa spika. London mwaka huo huo usafiri wa jiji ulibandika mabango kuwaomba abiria wavae hedifoni. Hao nao walilelewa na matatu?

Simu ni ile ile duniani kote na data imekuwa rahisi. Mtu akipewa kitu kinachotoa sauti atakiliza.

#20 Msafiri_Bamburi
Baharia, umeniangusha kidogo lakini umeniinua pia. Tazama mifano yako yote: kuna mtu mwenye mamlaka aliyesema. Mfaransa hakuambiwa na jirani aliyekula naye bajia, aliambiwa na mwenye kitabu cha faini. Hapa kwetu tunaachiana sisi kwa sisi, na hapo ndipo #1 anapopata vita na mke wake.

#21 KaraniMvita
Kwenye sheria msikisie. Kuvuta sigara ndani ya chombo cha abiria kumekatazwa na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, hapo hakuna mjadala na hakuna aliyewahi kunibishia. Kelele nazo zina kanuni za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, zinakataza kelele kubwa zisizo na sababu zinazosumbua wengine. Lakini ziliandikwa watu wakifikiria mabaa, viwanda na mikesha. Nani atakuja na kipimo cha kelele kati ya Miasenyi na Voi akapime vichekesho vya mtu?

Mie natumia njia moja tu. Wahudumu wapita njia ya katikati mara kwa mara, na vitoroli vya chai na soda. Namnong'oneza mmoja: "Kiti cha pale, simu." Aenda mwenyewe na sare yake, asema na behewa zima bila kumtaja mtu: "Abiria tunaomba tupunguze sauti za simu." Mwenye kosa apunguza akijifanya si yeye, na mie naendelea na gazeti langu. Hakuna aliyeaibika, mkeo hanuni.

#22 MtuWaTudor
Hiyo ni kusema kwa mdomo wa mwenzio. Mwanamume mzima wanong'oneza?

#23 KaraniMvita
Mwanamume mzima aliyefika Nairobi mkewe anaongea naye.

#24 Kobe_wa_Nyali
💀💀💀 Tudor jibu hiyo.

#25 UstadhMdogo
Mmezunguka lakini hamjagusa pagumu. Vichekesho ni rahisi kukataza. Je, mtu akifungua mawaidha? Au mwenzetu Mkristo akifungua mahubiri, mapambio, toka Miritini hadi mwisho? Nimekaa kati ya wawili hivyo, huku mawaidha, huku mahubiri, kila mmoja aongeza sauti kidogo akimsikia mwenzake. Ukimwambia mmoja azime, waonekana wapinga dini yake. Ukimwambia wa dini yako, mwenzake ashangilia. Nilinyamaza.

Na nasema kama mtu wa dini: kumsikilizisha mtu asiyetaka, amechoka, pengine yuaenda kuzika, huko si kuhubiri.

#26 MamaWatatu
Hapo ustadh umenena. Nami nasema kuna watu hufungua mawaidha makusudi wakijua hakuna atakayethubutu.

#27 MzeeKibokoni
Sikubaliani na mama. Wengi ni wazee kama mie, macho hayaoni vizuri, hawajui sauti yapunguzwa wapi kwenye simu hizi za kioo. Mjukuu kawawekea, kawasha, kaondoka. Nimemsaidia mmoja, kanishukuru. Si kila anayekukera amekusudia.

#28 MamaWatatu
Na asiyekusudia, masikio yangu yajuaje? 😅

#29 Mgeni_wa_Dar
Habari za huko jamani. Nimepita tu. Sisi SGR yetu ni ya umeme, inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, Dar hadi Dodoma hazifiki saa nne. Hata ukikaa na mwenye kelele, kabla hujakasirika vizuri umeshafika. Tatizo lenu ni mwendo.

#30 Kobe_wa_Nyali
Kaja huyo! Nyinyi mmeanza juzi 2024, sisi Uhuru Kenyatta alizindua 31 Mei 2017. Mkifika umri wetu tutaona.

#31 BahariaMstaafu
Lakini Kobe, hapo Mdar ana hoja. Yetu ni ya dizeli na mwisho wake ni kilomita 120 kwa saa kwa abiria. Kasi ikizidi, muda wa kuudhiana wapungua. Hesabu haina utani.

#32 FundiChangamwe
Hesabu gani? Mtu akukere saa mbili au saa tano, kama magoti yenu yamegusana umekereka. Mgeni wa Dar, viti vyenu vya kawaida vyatazamana wapi?

#33 Mgeni_wa_Dar
Kaka usinihoji, mimi nilipanda mara moja nikalala njia nzima. Ila niseme kweli: na kwetu wapo. Kuna dada aliongea na simu Pugu hadi Morogoro, kwa spika, mambo ya ndoa yake. Nilipoamka nikakuta behewa limegawanyika, wengine upande wa mume.

#34 DadaWaVoi
😂😂 Hiyo ya simu ya kuongea ndiyo kiboko. Kwetu kulikuwa na jamaa kapigiwa, naona ni mtu anayemdai. "Niko Nairobi tayari, nimeshashuka, nakuja." Kwa sauti ile ya mtu anayetaka kusikika. Tulikuwa ndiyo kwanza twaondoka Mariakani. Bibi mmoja nyuma yake akasema, kwa sauti yake na yeye: "Mwanangu, mwambie hata Samburu hatujafika!" Na spika ilikuwa wazi.

#35 Kobe_wa_Nyali
Bibi apewe behewa lake.

#36 Msafiri_Bamburi
Sasa mnaona? Bibi alisema bila bajia na bila mhudumu, na hakuna aliyemnunia. Kwa hiyo swali si kusema au kutosema. Ni nani anasema. Mwanamke mzee akimkemea mtu tunacheka. Mimi mtu wa bara nikisema maneno hayo hayo, ingekuwa "hawa wanajifanya wenye treni." Nimeyasikia kwa masikio yangu, kwenye basi lakini.

#37 BintiKuze
Hilo kweli. Na mimi mwanamke kijana nikimwambia mwanamume apunguze, mwanzo wa jibu ni "dada, waitwa nani?" Ndiyo maana nabeba bajia, mnacheka tu. Zajenga kwanza kwamba tuko kama mtu na dada yake.

#38 MtuWaTudor
Basi mie nina sauti ya kusema, niseme. Bado sijaona aliyenipinga sawasawa. Karani anong'oneza, Binti apika, Ustadh kanyamaza.

#39 UstadhMdogo
Mie nilinyamaza kwa sababu wangekuwa wawili dhidi yangu.

#40 MuuzaViungo
Naona mwazungumza sauti tu, na mimi msiba wangu ulitoka juu. Nilikuwa naenda arusini Eastleigh, kanzu nyeupe mpya, nimeketi kwa adabu zote. Kuna mtu kaweka ndoo ya achari ya embe kwenye rafu ya mizigo, kifuniko chake si chake, kimefungwa kwa mfuko wa nailoni. Treni ilipofika mahali kama Kibwezi nasikia kitu cha baridi shingoni. Mafuta, pilipili, manjano, vyote. Natazama juu, tone jingine likanipiga paji la uso.

Mwenye ndoo ni mama mmoja mwenye heshima zake, kaomba radhi mpaka nikaona haya mimi. Kanifutia na leso yake, akaeneza. Ningesema nini hapo? Nikasema "hamna neno mama." Nimeingia arusini nimevaa koti la kuazima katikati ya joto.

#41 Kobe_wa_Nyali
Achari yenyewe ilikuwa tamu?

#42 MuuzaViungo
Ilikuwa tamu sana, kanipa chupa. Ndilo tatizo.

#43 KaraniMvita
Mizigo hukaguliwa Miritini, mnaipanga mstari mbwa wananusa. Mbwa hakusema kitu kuhusu ndoo?

#44 FundiChangamwe
Mbwa anatafuta mabomu na dawa za kulevya, Karani, si vifuniko. Lakini tazama: rafu ziko juu ya vichwa vya watu, nazi, embe, ndoo, vyote huko. Narudia, ni muundo.

#45 BintiKuze
@MuuzaViungo hilo doa lipo bado? Mafuta yatoe kwanza, paka sabuni ya maji ya vyombo, acha kidogo, fua kwa maji ya uvuguvugu. Rangi itakayobaki ni ya manjano, na manjano hayapendi jua. Ianike juani ikiwa bado mbichi, siku kadhaa mfululizo, utaona yafifia. Usipige pasi kabla halijatoka.

#46 MuuzaViungo
Asante dada. Nimeipiga pasi tayari, lakini nitajaribu.

#47 DadaWaVoi
Manjano kwa jua ni kweli, mama yangu hufanya na vitambaa vya meza.

#48 MamaWatatu
Na kwenye zulia je? Zulia siwezi kulianika, ni zito, na aliyemwaga mchuzi ni yule yule wa katuni.